Sarafu ilisema 341, kaburi likakataa: namna mabizimu ya Kirumi yanavyopewa umri

Mpiga Chepe (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu niliuahidi kwenye ule mjadala wa sarafu za kale, nikabanwa na kazi. Leo nimekaa, chai ipo mezani, nauandika wote.

Kwa wasionifahamu: kazi yangu ni ya stoo. Nipo Uingereza, kwenye makumbusho ya mji mdogo, na kwa miaka minne sasa nasafisha, napiga picha na kuandikia lebo vitu vilivyochimbwa makaburini kabla mimi sijazaliwa. Vingi ni vya karne ya nne Baada ya Kristo, wakati nchi hii ilipokuwa mkoa wa mbali wa Dola ya Kirumi. Katika vitu vyote hivyo kimoja kimeniteka: bizimu la begani.

Sisemi lile la mkanda. Ninalosema ni kile kishikizo ambacho mwanamume alibania joho lake juu ya bega la kulia, mkono wa kulia ubaki huru. Wanaakiolojia hutumia neno la Kilatini, fibula. La karne ya nne lina umbo lake: upinde uliobinuka kama mkono wa kikombe, mguu mrefu wenye nakshi ambao ndani yake ncha ya pini hujificha, na kijiti kilichokingama chenye vifundo, kimoja kila mwisho na kimoja katikati. Wajerumani waliviangalia vifundo hivyo wakaona vitunguu, wakaliita bizimu la vitunguu. Nami nawafuata, maana ukilishika mkononi unaona vitunguu vitatu kabisa, hadi ile ncha ya juu.

Sasa swali. Unafukua kaburi. Marehemu hana jina wala jiwe lenye tarehe. Begani ana bizimu. Utajuaje alizikwa lini?

Jibu la kwanza kabisa ni umbo. Mafundi wanapopokezana ufundi, vitu hubadilika kidogo kidogo, na anayevijua huweza kuvipanga kwa umri. Mswidi Oscar Montelius aliijenga hoja hiyo karne ya 19, na mmoja wa mifano yake ulikuwa mabehewa ya treni: ya kwanza yalifanana na magari ya kukokotwa na farasi, kisha kila kizazi kikajitenga kidogo na asili. Sisi tunalijua jambo hili bila darasa. Mpe mama yangu picha ya harusi isiyo na tarehe. Atatazama mikono ya gauni la bibi harusi na kola ya shati la bwana harusi, atakwambia "hii ni mwishoni mwa miaka ya sabini", na hatakosea sana.

Kwa mabizimu ya vitunguu, kazi kubwa aliifanya Erwin Keller. Mwaka 1971 alichapisha utafiti wa makaburi ya mwisho wa enzi ya Kirumi kusini mwa Bavaria, akayagawa katika aina sita. Mwaka 1988 Philipp Pröttel akaipitia upya kazi ile, akafika aina saba. Mwendo wenyewe ni huu. Ya mwanzo, tangu miaka ya 280 hivi, yana vifundo vidogo, na upinde ni mrefu kuliko mguu. Kadiri miaka inavyokwenda mguu unarefuka na kupanuka, upinde unafupika, vifundo vinavimba. Ukifika karne ya tano unakuta mabizimu ya bamba jembamba lililokunjwa, matupu ndani, na kifundo kimoja kinafunguka kwa skrubu ili pini itoke. Siku niliyoambiwa habari ya skrubu hiyo sikuamini hadi niliposhika picha yake. Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita mtu alikuwa akijifungia joho kwa skrubu.

Keller aliipa kila aina miaka yake kwa kutumia sarafu zilizokuwa kwenye makaburi hayohayo. Aina ya tatu, 340 hadi 360. Aina ya nne, 350 hadi 380. Ukisoma orodha ile unapata raha: unalinganisha, unaandika lebo, unakwenda nyumbani. Ndivyo nilivyofanya mwaka wangu wa kwanza.

Naendelea chini.

---

Mpiga Chepe

Kaburi lililonibadilisha lilichimbwa miaka mingi iliyopita, na vitu vyake vimekaa stoo kwenye sanduku la kadibodi. Ndani kuna bizimu la shaba nyeusi ambalo Keller angeliweka aina ya tatu. Kuna sarafu moja ndogo, upana wake kama ukucha wa kidole cha kati, iliyokutwa kwenye mifupa ya kiganja. Na kuna karatasi ya muhtasari: "miaka ya 341 hadi 360".

Nieleze sarafu hiyo, maana inafundisha. Upande mmoja una kichwa cha mtawala, upande wa pili askari wawili wamesimama, kati yao bendera ya kijeshi. Zilipoanza kutolewa, tangu 330 hadi 335, askari wale walikuwa na bendera mbili katikati. Kuanzia 335 hadi 341 ikabaki moja. Unahesabu bendera tu, tayari unajua sarafu ni ya miaka gani. Hii yetu ina moja. Bizimu 340 hadi 360, sarafu 335 hadi 341. Vimepatana vizuri mno, na aliyeandika muhtasari akafunga faili.

Mimi nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa, kimo cha kaburi, nikafungua daftari la siku hadi siku la wachimbaji. Limeandikwa kwa penseli, kurasa zina madoa ya udongo. Kwenye ukurasa wa kaburi letu kuna mchoro mdogo, na mshale, na mstari mmoja: kaburi hili limekata pembe ya kaburi jirani, upande wa miguuni. Maana yake jirani alizikwa kwanza. Aliyechimba kaburi letu alipitisha jembe kwenye shimo la zamani.

Nikaenda kwenye sanduku la jirani. Naye alizikwa na sarafu. Ni ya Valens, aliyetawala kuanzia 364 hadi 378.

Basi pigeni hesabu wenyewe. Jirani hakuweza kuzikwa kabla ya 364. Mtu wetu alizikwa baada ya jirani. Lakini sarafu yake ni ya 341 kurudi nyuma, na bizimu lake linaambiwa mwisho wake 360. Nilikaa pale sakafuni kati ya masanduku mawili, nikarudia kusoma ule mstari wa penseli labda mara kumi.

---

Mwl wa Historia

Mkuu hapo nina pingamizi kidogo. Mimi nimefundisha historia miaka mingi na siku zote tunasema sarafu ndiyo ushahidi wenye nguvu, kwa sababu ina jina la mtawala na mtawala ana miaka inayojulikana. Kama sarafu inasema 341, kwa nini usiseme tu kwamba yule mchimbaji alikosea mchoro? Daftari la penseli dhidi ya sarafu ya chuma?

---

Mpiga Chepe

Mwalimu shikamoo, na swali lako ndilo nililomuuliza bosi wangu siku ileile.

Sarafu haidanganyi, ila inajibu swali moja tu: kaburi halikufungwa kabla ya sarafu hiyo kutengenezwa. Haijibu lilifungwa miaka mingapi baadaye. Sarafu ilitoka kiwandani, ikaingia sokoni, ikapita mikono na mikono, ikawekwa kwenye kibubu, na siku moja ikaingia kiganjani mwa marehemu. Pengine ndugu walitafuta ile iliyochakaa zaidi, kwa sababu inakwenda udongoni. Hii yetu imesagika kiasi kwamba sura ya mtawala imebaki kivuli.

Kwa Uingereza kuna tatizo jingine zito. Sarafu mpya za shaba kutoka bara la Ulaya ziliacha kuletwa huku karibu mwaka 402. Zilizokuwepo zikaendelea kuwepo. Kwa hiyo mtu aliyezikwa 420 au 430, kama alipewa sarafu, alipewa ya karne ya nne, maana hakukuwa na nyingine. Ukitegemea sarafu peke yake, karne ya tano ya nchi hii inafutika yote, unabaki na watu wote wamekufa kabla ya 402.

Kuhusu mchoro: tulitafuta picha za uchimbaji. Ipo moja, nyeusi na nyeupe, na mkato unaonekana. Mchimbaji alikuwa sahihi.

---

Sonara wa Mji Mkongwe

Assalam aleikum wadau. Mimi si msomi wa mambo haya, ni sonara, kazi ya marehemu baba. Nimeusoma uzi wote kwa sababu ya hilo bizimu. Nina maswali ya kifundi. Je, limepakwa dhahabu? Limelika wapi? Sisi mtu akileta bangili ya bibi yake, kabla ya kupima tunageuza tunatazama palipolika. Kitu kilichovaliwa hulika pale kinapogusana na mwili au nguo, na kulika kwenyewe ni kulaini, kama sabuni iliyotumika. Kitu kilichosuguliwa na msafishaji hulika juu juu kote sawasawa. Na kitu kilichoanguka kina pigo. Hayo matatu hayafanani hata kidogo.

---

Mpiga Chepe

Waaleikum salaam mzee wangu. Umenigusa pale pale.

Niliweka bizimu chini ya hadubini. Mguu una pambo la viduara, kila kimoja na nukta katikati, vimepangwa safu mbili pembeni. Safu ya kushoto unavihesabu vyote saba, kingo zake bado kali. Safu ya kulia, vinne vya juu vimebaki kama alama ya kidole kwenye nta, na vitatu vilivyobaki vimekatika nusu. Ni upande mmoja tu, na kulika kwake ni kulaini kama sabuni, kama ulivyosema. Joho zito la sufu limesugua hapo miaka na miaka.

Dhahabu ipo, kwa mbali. Chembe zake zimejificha kwenye mashimo ya nakshi na kwenye shingo ya kifundo cha katikati. Palipoinuka zimekwisha zote.

Halafu pini. Upinde, mguu na kijiti vyote ni shaba nyeusi. Pini ni chuma, au niseme ilikuwa chuma, sasa ni kijiti cha kutu. Hebu tuambie wewe fundi, hiyo ina maana gani?

---

Sonara wa Mji Mkongwe

Hiyo ni ya kubadilishwa mwanangu. Fundi aliyepaka dhahabu hawezi kutia pini ya chuma, ataona haya. Pini ya kwanza ilivunjika, kwa sababu pini ndiyo inayofanya kazi, inafunguliwa na kufungwa kila siku. Likapelekwa kwa fundi wa karibu, si kwa yule wa kwanza, naye akatia alichokuwa nacho.

Na upakaji ule wa dhahabu, kama ni wa zamani, ulikuwa wa zebaki. Unachanganya dhahabu na zebaki inakuwa kama uji mzito, unapaka, unachoma, zebaki inaondoka kwa moshi, dhahabu inabaki imeng'ang'ania. Haitoki kirahisi. Baba alikataza kabisa kazi hiyo kwa sababu ya ule moshi. Ikiwa imeisha palipoinuka, basi hilo lilivaliwa muda mrefu sana, si miaka mitano.

---

Mpiga Chepe

Wadau, hapo ndipo ulipo uzi wote. Warumi walipaka kwa zebaki kweli, mzee amesema sawa.

Bizimu lina tarehe tatu, nasi tulikuwa tunaandika moja. Kuna mwaka lilipotoka kwa fundi. Kuna miaka lilipovaliwa, pini ikavunjika, ikatiwa nyingine, nakshi ikasuguliwa upande mmoja. Na kuna siku lilipoingia kaburini. Umbo linakwambia tarehe ya kwanza kwa kukisia. Kaburi linataka ya tatu. Katikati kuna maisha ya mtu, na maisha hayo yanaweza kuwa miezi sita au miaka hamsini.

Mtu wetu alikuwa mzee kiasi; meno yake yamesagika vibaya na uti wa mgongo una vinundu vya utu uzima. Kama alipewa bizimu akiwa kijana wa miaka ya 350, akafa miaka ya 380 au 390, kila kitu kinakaa sawa. Sarafu kuukuu, bizimu kuukuu, jirani wa baada ya 364. Hakuna shahidi aliyesema uongo.

Ndiyo maana nampenda Pröttel. Yeye alizichanganya aina ya tatu na ya nne za Keller kuwa kundi moja, akalipa muda mrefu, tangu miaka ya 330 hadi kuingia karne ya tano. Wapo wanaoona amelegeza mno. Mimi naona amekubali kwamba aina ya zamani haifi siku aina mpya inapozaliwa. Fundi wa mji mkubwa anabadilisha mtindo, fundi wa pembeni anaendelea na kalibu yake ya zamani, na wateja wanaendelea kuvaa walicho nacho.

---

Binti wa Tanga

Uzi mtamu sana kaka, naweka kambi. Swali langu: hakuna hata moja lililoandikwa tarehe? Nauliza kwa sababu kwetu kanga na vitenge vya sherehe vinaandikwa. Bibi yangu ana kanga za kumbukumbu ya uhuru, ukizitandika unajua kabisa ni za mwaka upi. Wafalme wa Kirumi hawakugawa vitu vya sherehe?

---

Mpiga Chepe

Dada, umeuliza swali zuri kuliko yote hadi sasa, na jibu ni ndiyo, waligawa!

Mwaka 1787 huko Erickstanebrae, kusini mwa Scotland, lilipatikana bizimu la dhahabu la aina hii. Upinde wake umetobolewa herufi, kama dirisha la nakshi. Upande mmoja IOVI AVG, upande mwingine VOT XX. La kwanza linamtaja mtawala aliyejiweka chini ya mungu Jupiter, naye ni Diocletian. La pili ni nadhiri za miaka 20 ya kutawala. Diocletian alishika madaraka Novemba 284, na sherehe zake za miaka 20 zilifanyika Roma Novemba 303. Kwa hiyo bizimu hilo ni kama kanga ya bibi yako hasa: lilitengenezwa kwa ajili ya sherehe, likapewa mtu wa utumishi, ofisa wa jeshi au serikali, avae aonekane ni mtu wa nani.

Sasa ona uchungu wake. Bizimu lile lina mwaka ila halina kaburi. Lilitoka ardhini peke yake, bila mifupa, bila mwenyewe. Mengi ya kwetu stoo yana makaburi ila hayana mwaka.

Vyote viwili vilikutana mara moja kwa namna ya ajabu. Mei 1653, mjini Tournai, Ubelgiji ya leo, mafundi wa ujenzi walifukua kaburi lililojaa dhahabu. Ndani kulikuwa na pete ya muhuri yenye maneno CHILDIRICI REGIS, yaani ya mfalme Childeric, baba yake Clovis, mfalme wa Wafranki aliyekufa 481 au 482. Kulikuwa na sarafu za dhahabu, za mwisho zikiwa za Zeno aliyeanza kutawala 474. Na kulikuwa na bizimu la vitunguu la dhahabu. Hapo una jina, una mwaka wa kifo, una sarafu, una bizimu, vyote shimo moja. Aina ya mwisho kabisa ya mabizimu haya imeegemea sana kaburi hilo.

Daktari Jean-Jacques Chifflet alichapisha michoro ya vitu vile mwaka 1655. Tunamshukuru, kwa sababu mwaka 1831 wezi waliingia maktaba ya kifalme ya Paris vilikohifadhiwa, dhahabu nyingi ikayeyushwa. Bizimu halikurudi.

---

Mwl wa Historia

Nimekubali kuhusu sarafu. Lakini huyo Childeric alikuwa Mfranki, si Mrumi. Alipata wapi bizimu la ofisa wa Kirumi?

---

Mpiga Chepe

Mwalimu, ndiyo uzito wake. Watawala wa Kifranki wa kizazi chake walijiona, na walionekana, kama watu wenye cheo ndani ya mpangilio wa Kirumi. Alizikwa na upanga na farasi kwa mila za kwao, na begani akavaa alama ya utumishi wa Roma. Roma ya Magharibi ilikuwa imepoteza mtawala wake wa mwisho mwaka 476, na bizimu lilikuwa bado lina maana.

Kama unataka kuona lilivyovaliwa, tafuta picha ya vibao vya pembe za ndovu vya Stilicho, jemadari wa Roma, viko Monza, Italia, ni vya karibu mwaka 400. Jemadari amesimama na ngao na mkuki, bizimu begani kulia. Kibao cha pili yupo mkewe Serena na mtoto wao Eucherius, mtoto kabisa, naye ana bizimu lake. Kwa hiyo lilikwenda na cheo, hata cheo cha mtoto wa mkubwa. Na ukienda Ravenna, kanisa la San Vitale lililowekwa wakfu 547, maofisa wanaosimama na mtawala Justinian kwenye picha ya ukutani bado wanayo.

---

Mjukuu wa Chifu

Habari wakuu. Mimi nasoma maabara. Kwa nini msipime kaboni 14 mkamaliza? Mnabishana vifundo na viduara wakati sayansi ipo.

---

Mpiga Chepe

Karibu sana ndugu. Bizimu lenyewe halipimiki kwa kaboni 14 kwa sababu ni madini. Kinachopimwa ni kilichokuwa hai: mfupa, au nyuzi za joho zikibahatika kubaki kwenye kutu.

Mfupa unapimika, nasi tulipima. Shida ni kwamba kaboni 14 angani haikuwa kiwango kimoja miaka yote, hivyo jibu la maabara hulinganishwa na mchoro wa marekebisho uliojengwa kwa pete za miti, na kwa karne ya tatu na ya nne mchoro huo unapanda na kushuka. Kipimo kimoja kinaweza kuangukia miaka mingi tofauti. Jibu letu lilirudi likiwa na upana wa zaidi ya miaka mia moja. Keller kwa macho na sarafu anakupa miaka ishirini, maabara inakupa mia. Nilivunjika moyo, sikufichi.

Lakini maabara inazaa matunda ukiifungamanisha na daftari la penseli. Ukijua kaburi A lilitangulia B, na ndani ya A kuna sarafu ya 364 au baadaye, hesabu za takwimu zinaweza kukata ile miaka isiyowezekana. Upana wa kwetu ulipungua karibu nusu, na ukaegemea robo ya mwisho ya karne ya nne. Haya, viduara, sarafu na maabara vikakaa meza moja.

---

Mjukuu wa Chifu

Sawa mkuu, nimekupata. Na huyo mtu alikuwa Mrumi wa kutoka Italia au mwenyeji?

---

Mpiga Chepe

Wa kwetu hajapimwa upande huo. Ila kuna mahali palipofundisha wengi: makaburi ya Lankhills, mjini Winchester. Giles Clarke alichimba hapo 1967 hadi 1972, zaidi ya makaburi 400, na baadaye, 2000 hadi 2005, wakachimba wengine mengine zaidi ya 300. Clarke aliona kundi la watu waliozikwa wamevaa vitu vyao, wanaume na mabizimu na mikanda, akasema hawa ni wageni kutoka upande wa Danube, Hungary ya leo. Hoja yake ilikuwa nzuri, imejengwa kwa uangalifu.

Kisha wakaja kupima isotopu kwenye meno. Jino la utotoni hutunza alama ya maji uliyokunywa ukikua, na maji ya Danube si sawa na ya Hampshire, jimbo la Winchester. Wengine waliodhaniwa wageni wakaonekana wamekulia kusini mwa Uingereza. Wengine waliodhaniwa wenyeji walitoka mbali. Wapo pia walioangukia pale pale Clarke alipowaweka. Bizimu lilisema cheo cha mtu, halikusema kwao ni wapi.

---

Binti wa Tanga

Kaka, nimeingia mtandaoni nimekuta yanauzwa! Bei si kubwa kama nilivyodhani. Nikinunua moja nikatuma kwako unaweza kuliandikia umri?

---

Mpiga Chepe

Dada yangu, nakuomba usinunue.

Nitaliangalia, nitakwambia "aina ya tatu au ya nne", na hapo ndipo mwisho. Hilo la mtandaoni lilikuwa begani kwa mtu. Mtu mwenye kifaa cha kunusa madini alipita usiku shambani, kikalia, akachimba shimo la upana wa ndoo, akatoa bizimu, akaacha mifupa imevurugika. Sarafu ya kiganjani hakuiona au aliiuza kwa mwingine. Ule mkato wa kaburi juu ya kaburi, mstari wa penseli ulioniketisha sakafuni, umekwenda. Kila nilichowaeleza hapa tangu mwanzo kilitegemea vitu kukutwa pamoja.

Wapo wengi wenye vifaa hivyo wanaofuata sheria, wanaripoti, wanaita wanaakiolojia kabla ya kuchimba zaidi. Hao nawaheshimu, tumepata mengi kwao. Lakini bizimu linalouzwa bila jina la shamba wala la aliyelitoa, mimi silishiki.

---

Sonara wa Mji Mkongwe

Umesema kweli. Hata sisi mtu akileta dhahabu hana maelezo, hatununui.

Swali la mwisho nikalale. Lilivaliwa vitunguu juu au vitunguu chini? Picha zote nilizofungua sasa hivi wameweka vitunguu juu.

---

Mpiga Chepe

Vitunguu chini mzee. Kwa Stilicho utaona mguu unaelekea juu, vifundo vinaelekea kifuani. Vitabu na kabati za vioo nyingi hulisimamisha kinyume, nasi tulilisimamisha hivyo kwa miaka.

Nilipolijua hilo nilirudi kwenye zile safu za viduara. Safu iliyolika niliiita ya kulia kwa sababu nilikuwa nalishika vitunguu juu. Ligeuze kama alivyolivaa, halafu simama nyuma ya bega lake: safu hiyo ndiyo iliyokuwa upande wa mkono, mbali na shingo. Wiki iliyopita tumeligeuza kwenye kabati. Lebo mpya inasema: lilitengenezwa katikati ya karne ya nne, likarekebishwa, likazikwa na mwenyewe baada ya 364. Mstari ule wa penseli tumeupiga picha, tumeuweka pembeni yake.